Rangi ya Kope kwenye Joho Namba Kumi na Nne

Dada yangu Damari,

Ungekuwa hai ningeanza na shikamoo, kwa sababu ulinizidi mwaka mmoja na miezi miwili na hukuniachia hata asubuhi moja bila kuidai. Basi, shikamoo. Marahaba siitegemei. Hata ungekuwepo, sidhani kama ningeistahili.

Ninakuandikia hapa gazetini, mahali ambapo watu wamezoea kunisoma nikichapa. Nimewachapa wahubiri wanaouza maji, nimewachapa wanasiasa, nimewachapa wauza krimu za kuchubua ngozi, na nimewachapa wanaume wanaoamini mwanamke wa milimani aliumbwa pamoja na mzigo wa kuni mgongoni. Wasomaji hunipigia simu na kuniambia, “Mama, wewe huogopi mtu.” Ninawashukuru. Kisha nakata simu, kwa kuwa kila nikisikia maneno hayo nakuona umesimama mbele ya meza ya wazee wa usharika, mikono nyuma, na mimi nimekaa mwisho wa meza hiyo hiyo nikiwa na kalamu.

Lakini nianze na macho yangu, kwa kuwa ndiko ulikoanzia wewe.

Nilikuja kwenu nikiwa na miaka tisa, mama yangu alipofariki. Mama Mkubwa, yaani mama yako, alinichukua kama mtoto wake, akanipa nusu ya kitanda chako na nusu ya kila kitu chako. Tulipofika kidato cha nne tulikuwa wote kwenye kwaya ya vijana, wewe mrefu, nyuma, sauti ya pili. Mimi mfupi, mbele, sauti ya kwanza. Ulikuwa na macho makubwa na kope nzito ambazo hazikuhitaji msaada wa mtu. Mimi nilikuwa na kope chache, nyepesi, kama za ndama aliyezaliwa kabla ya wakati. Siku moja nilijaribu wanja wa penseli niliouazima shuleni. Ulinitazama, ukaweka ndoo chini ili ucheke vizuri.

“Mdogo wangu, umechungulia chungu?”

“Si wanja huu.”

“Huo ni masizi. Wanja mzito kwenye jicho dogo ni kama kulizungushia ua. Nenda kanawe, nitakuonyesha.”

Ulikuwa umetoka Muheza kumsalimu shangazi yako, na kule sokoni, katikati ya machungwa na mdalasini, ulinunua kiboksi bapa cha rangi za kope. Kilikuwa na rangi nne: bluu, kijani, waridi na kahawia. Kila msichana aliyewahi kukiona alitamani ile bluu. Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye kahawia isiyong'aa, ambayo wengine waliiona kama udongo.

Sijasahau kitu. Ulitafuna ncha ya kijiti chembamba cha mswaki mpaka ikawa bapa na laini. Ukailowesha kidogo tu, ukaikung'uta, ukaigusisha kwenye rangi, halafu ukaipangusa mgongoni mwa mkono wako wa kulia mpaka ibaki rangi kidogo sana. Ulishika kijiti kwa mkono wa kushoto, kama ulivyoshika kila kitu. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amekupiga rula miezi mitatu ili uandike kwa kulia, ukashindwa, akashindwa, mkaachana. Ukaniambia nitazame chini, kwenye kioo nilichokiweka magotini, na nisifumbe.

“Hapa watu hukosea. Wanachora. Usichore. Gandamiza, katikati ya kope, pale zinapoota. Doa, doa, doa. Kisha pitisha ncha ya kidole, mara moja, usisugue.”

“Mbona sioni kitu?”

“Ndiyo maana yake. Wanja unapiga kelele. Hii inanong'ona. Mtu atakuona una macho, hatajua kwa nini.”

Nilijitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na kope. Hakuna aliyeweza kunyooshea kidole mstari wowote, kwa sababu mstari haukuwepo. Kulikuwa na kivuli tu kwenye mizizi, kama kile kinachokaa chini ya majani ya iliki. Ulisema pia kwamba poda iliyogandamizwa kwa maji inastahimili ukungu wetu kuliko wanja wa mafuta, ambao ukipigwa na unyevu wa asubuhi unateremka mpaka mashavuni. Ukanipa sharti moja: “Jicho likitoa machozi, usifute. Acha yakauke yenyewe.”

Nalirudia sharti hilo kwa sababu ndilo lililokuua. Madaktari wa bondeni waliandika presha. Mimi naandika ninachokijua.

Kwaya yetu ilikuwa na kanuni, unakumbuka, zimebandikwa ukutani kwenye chumba cha majoho. Kutojipaka rangi ilikuwa ya tatu. Ilitungwa na wanaume watano ambao hakuna hata mmoja aliyejua tofauti ya wanja na masizi ya sufuria, lakini wote walijua kwa hakika kipi kati ya hivyo Mungu anakichukia. Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa mlezi wa majoho. Aliyafua, aliyapiga pasi ya mkaa, alishona namba kwa uzi mwekundu ndani ya kola, na aliandika kwenye daftari lake: namba tisa, mimi, namba kumi na nne, Damari. Mama yako alikuwa mtu wa daftari. Kuku wake walikuwa kwenye daftari.

Jumapili ile upindo wa joho langu ulikuwa umefumuka. Nilikuwa nisimame mstari wa mbele, na wewe ukasema, “Vaa langu. Mimi niko nyuma, nani ataniona miguu?” Ukanivalisha namba kumi na nne, ukalikunja kiunoni ndani ya mkanda ili lisiburuze, ukavaa tisa lililofumuka. Kabla ya hapo ulikuwa umenipaka, kwenye kigogo cha mkaratusi nyuma ya jiko. Wewe mwenyewe hukupaka siku hiyo. Kengele ya pili ililia ukiwa bado unamalizia jicho langu la kushoto, ukakirudisha kiboksi kifuani na kusema, “Mimi nina ya Mungu, inatosha.”

Tulisimama nje tukisubiri kuingia kwa maandamano. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya migrevilea, ule wa kipupwe unaouma pua. Macho yangu yakaanza kutoa machozi ya baridi. Nami, mwanafunzi wako, niliyesikia kila neno, nikainua mkono wa kulia nikajifuta kwa joho jeupe.

Sikuona. Naapa sikuona. Tuliimba, tukatoka, tukasimama kwenye mnada wa sadaka, Mzee Hosea, mmoja wa wazee wa usharika, akanadi mayai na miwa na jogoo wa mtu aliyekuwa hana cha kutoa isipokuwa jogoo, tukarudi nyumbani. Jumatatu Mama Mkubwa akafua. Kwenye ncha ya mkono wa kulia wa joho namba kumi na nne akakuta doa la kahawia, refu kama jani la chai. Akalinusa. Akafungua daftari, ingawa alijua. Na kwa kuwa mama yako alikuwa mama yako, hakulificha doa la mwanawe ilhali angelipeleka la mtoto wa jirani. Alilikunja joho likiwa bado bichi, akalipeleka kwa wazee.

Jumatano tuliitwa. Wewe kama mtuhumiwa. Mimi kama katibu wa kwaya, niandike muhtasari.

“Joho namba kumi na nne ni la nani?” Mzee Hosea akauliza.

“Langu, mzee.”

“Hili ni nini?”

“Rangi ya kope.”

“Unaijua vizuri, eh? Ni ya nani?”

“Yangu. Niliinunua Muheza.”

“Muheza!” akasema mzee mwingine, kana kwamba umetaja Babeli. Wakacheka kidogo. “Basi ulijipaka ukaja nayo madhabahuni.”

Hapo ndipo ulipogeuka ukanitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama mtu aliyempa mwenzake mzigo avuke nao mto, sasa amesimama ng'ambo ananyoosha mikono apokee. Ilikuwa zamu yangu. Maneno yalikuwa machache: nililivaa mimi. Mtoto wa chekechea angeweza kuyasema.

Nikainamisha kichwa nikaandika.

“Anayenyamaza amekiri,” akasema Mzee Hosea. “Katibu, andika: amekiri.”

Nikaandika: Damari amekiri. Kisha akanitajia sentensi iliyofuata na nikaiandika yote, kwa mwandiko wangu wa kulala ambao walimu waliusifu: “Ametengwa kwa kujipaka rangi na kulichafua joho la Bwana, mpaka atakapotubu mbele ya usharika.” Nikapiga mstari chini kwa rula. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisema neno moja, “Asanteni.”

Njiani kurudi tulifika kwenye daraja la magogo. Ukasimama.

“Mdogo wangu,” ukasema, “una mwandiko mzuri.”

Basi. Hukuniambia tena habari ile mpaka unakufa.

Nimejitungia sababu nyingi tangu siku ile, maana kutunga ndiyo kazi yangu. Nilikuwa yatima, yatima akitengwa atalala wapi? Nilikuwa nasubiri barua ya mchungaji ya kunipeleka chuo cha ualimu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba mbele ya wanaume watano. Zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyo sababu. Kilichotokea ni kifupi zaidi. Niliona shoka limekushukia wewe, nikasikia nafuu.

Na wewe ulikuwa unasubiri barua hiyo hiyo, ukasome unesi. Mchungaji alisema hawezi kumwandikia aliyetengwa, atubu kwanza. Jumapili tatu mfululizo waliweka kiti mbele, kile cha wanaorudi kundini, na Jumapili tatu kikabaki kitupu. Mama Mkubwa alikupigia magoti nyumbani. “Mwanangu, simama dakika moja tu, useme nimekosa, yaishe.” Ulimjibu, “Mama, siwezi kutubu dhambi ambayo sikuitenda.” Naye akaisikia kama ukaidi, kwa sababu alikuwa ameliona doa kwa macho yake na kulishika kwa mikono yake. Mimi nilikuwa pale pale, nachambua maharage. Punje mbovu huku, nzima huku.

Ukateremka bondeni, Mnazi. Uliolewa na mkulima mpole, ukalima mahindi na vitunguu kwenye joto lile, ukazaa watoto watatu, hukuingia tena kanisani. Siku unaondoka uliniachia kile kiboksi. Ninacho mezani sasa hivi. Kahawia imekwisha mpaka bati linaonekana. Bluu haijaguswa.

Kwa hiyo mimi nikawa mwandishi. Niwaambie wasomaji wangu leo jinsi kazi hii ilivyoanza, maana wameniuliza mara nyingi: ilianza na sentensi ile. Kila nilichokichapa baadaye, kwa hasira yote wanayoisifia, nilikichapa nikiwa nakimbia kutoka kwenye meza ile. Ni rahisi sana kumtukana waziri. Waziri hajawahi kukulalia ubavuni kipupwe ili upate joto.

Mwaka jana, katika masika, ulikufa. Wanao walikuleta juu kwa gari la mizigo, chini ya turubai, kwa sababu ulikuwa umewaambia unataka kulala kwenye baridi. Wakaomba mazishi ya kanisa. Wazee wa sasa ni vijana tuliosoma nao. Baadhi yao niliwasaidia hesabu za kugawanya darasani. Walifungua kabati, wakatoa kitabu cha muhtasari, wakasoma mwandiko wangu, wakakifunga. Hakurudi kundini, wakasema. Kitabu ni kitabu. Kengele haikupigwa. Mzee Hosea, aliyekufa miaka mitano kabla yako, alipigiwa mpaka ndege wakahama. Wewe ulizikwa na kaka zako kwenye mteremko wa viazi, tukaimba wenyewe, sauti ya pili ikiwa na pengo ambalo kila mtu alilisikia.

Na mama yako hakulia. Alikaa kwenye mkeka na kuwaambia waombolezaji, “Sikumficha hata mwanangu. Mungu ananiona.” Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kijiji kizima kinamjua kwa jambo hilo: Mama asiyeficha. Ndilo jina analozeekea.

Unajua nilifanya nini baada ya mazishi? Niliandika makala. Ilikuwa kali kweli kweli, iliombwa irudiwe. Niliwaita wazee wetu walinzi wa makabati. Nikauliza kwa herufi nzito: ni mkono gani usio na haya ulioandika sentensi ile? Mkono ulikuwa wangu, Damari, na ndio uliokuwa ukiandika swali. Watu walinipongeza sokoni. Mama mmoja alinipa plamu bure.

Hata hapo sikusema. Safari hii nilikuwa na sababu iliyokaribia kuwa ya heshima. Nikikusafisha wewe, namchoma mama yako. Ana zaidi ya miaka themanini, sikio moja limekufa, na kitu pekee alichobaki nacho ni ile haki yake ya siku ile. Nani anampokonya bibi kizee fimbo yake akiwa amesimama? Nikajiambia wewe umekufa, huumii tena. Yeye yu hai. Nilijisikia mwema. Ogopeni sana siku mwoga anapojisikia mwema.

Kilichonivunja ni kitu kidogo cha kuchekesha. Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza kwenye mahafali, nikaingia saluni moja hapa Lushoto mjini wanitengeneze uso kidogo, maana umri huu uso haujitengenezi. Binti aliyenipokea anaitwa Glori. Anaimba kwaya, usharika ule ule. Alikuwa na kope za kubandika ndefu kama miguu ya jongoo na wanja uliofika karibu na masikio.

“Unaimba umepaka hivi?” nikamuuliza.

“Jumapili naongeza, mama,” akasema, akacheka. “Siku hizi nani anauliza? Mchungaji mwenyewe harusi yake nilimpaka bibi harusi mimi.”

“Baba yako nani?”

Akamtaja. Ni mtoto wa Mzee Hosea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mjukuu wa Mzee Hosea, nimezungukwa na rangi mia mbili. Kanuni ya tatu ilikuwa imekufa kimya kimya, bila tangazo, bila mazishi, bila mtu yeyote kuja Mnazi kukuambia samahani. Hivyo ndivyo kanuni za watu hawa zinavyokufa. Zinamla mtu, zinashiba, zinalala.

Binti akaniinua kidevu. “Mama, wewe usipake wanja wa kuchora. Kope zako nyepesi, utakuzeesha. Kuna mtindo mpya, tunatumia rangi ya kope badala ya wanja. Ya kahawia, isiyong'aa. Imekuja juzijuzi tu, nimeiona kwenye simu.”

“Juzijuzi,” nikasema.

“Eeh. Hatuchori, tunagandamiza. Inakuwa laini, mtu hajui umepaka nini.”

Akalowesha brashi. Akaikung'uta. Akaipangusa mgongoni mwa mkono. Nikatazama chini. Alipoanza, doa, doa, doa, machozi yakanitoka, na huyu mtoto wa watu, asiyejua kitu, akaushika mkono wangu uliokuwa tayari njiani kwenda jichoni.

“Usifute, mama! Acha yakauke yenyewe.”

Sikwenda kwenye mahafali. Nilipanda bodaboda nikaenda juu kwa Mama Mkubwa na macho yangu yalivyo.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage, blanketi begani. Nikapiga goti nikamwamkia upande wa sikio zima. Akaitikia, akaniuliza habari za mjini, kisha akanivuta uso karibu, maana haoni mbali.

“Umepaka nini machoni?”

“Rangi, Mama Mkubwa.”

“Haionekani.”

“Haionekani.”

Akaendelea kunishika kidevu. “Ni kama ile,” akasema polepole. “Ile ya kwenye joho.”

“Ni ile ile. Damari ndiye alinifundisha.” Nikalisogelea sikio lake zima. “Mama Mkubwa, joho lile nilivaa mimi. Langu lilifumuka, akaniazima lake. Rangi ilikuwa machoni kwangu. Nilijifuta. Yeye siku ile hakupaka kabisa.”

Nilidhani hajasikia. Nikataka kurudia kwa sauti. Akainua kiganja.

“Ulifutia mkono gani?”

“Wa kulia.”

Akatazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofua. Akafungua ule wa kulia, akafunga. Akafungua ule wa kushoto.

“Doa lilikuwa mkono wa kulia,” akasema. “Nililisugua mara tatu kwa sabuni ya kipande, kwanza kwa maji baridi, kisha ya moto. Mkono wa kulia. Na mwanangu alikuwa mashoto.”

Nikaokota punje ya maharage iliyodondoka.

“Nilimzaa mimi. Nilimfungia mkono kwa kanga ili ajifunze kula kwa kulia. Mwalimu alimpiga, nikaenda kumgombeza mwalimu. Alikuwa anafutia kila kitu mkono wa kushoto, pua, jicho, kisu. Nililishika doa lile hapa,” akajigusa kiganja, “na sikufikiri. Niliona namba. Nikafungua daftari.”

Upepo ukapuliza maganda ya maharage. Akayafuata kwa macho yanayoona karibu tu.

Nikaanza kusema nisamehe. Alinikatiza kwa Kishambaa, neno fupi ambalo wazazi humwambia mtoto anayecheza na moto, kisha akarudi kwenye Kiswahili, kile anachokitumia kanisani na ofisini, akiongea na wageni.

“Usiniombe mimi. Mimi na wewe tuko sawa. Wewe ulijua ukanyamaza, mimi nilikuwa na akili nikaiacha kwenye daftari. Waliobaki ni wale wenye kitabu. Nani aliandika mle?”

“Mimi, Mama Mkubwa.”

“Basi kaandike tena.”

Aliinua ungo, akapepeta mara moja, akanigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo hajasema kwa mtu yeyote kwamba hakumficha hata mwanawe. Jirani zake wanadhani ni uzee. Mimi nimempokonya fimbo, na namwona anavyotembea bila hiyo. Sitamwambia msomaji kwamba ukweli umemweka huru, kwa sababu haujamweka. Alikuwa na heshima na mtoto mkaidi. Sasa hana kimoja wala kingine, ana kaburi kwenye mteremko wa viazi, analolipalilia kila asubuhi kwa mkono wa kushoto. Anasema anajizoeza.

Nimekwenda kwa wazee. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, akanipa chai, akacheka kwa upole. “Dada, si rangi tu? Siku hizi mabinti wote wanapaka. Tuyaache, yamepita.” Yamepita! Yalipokuwa mapya hayakusameheka. Yalipochakaa hayana uzito. Nikamuuliza kama kitabu nacho kimepita. Akasema kitabu hakifutwi. Nikamwambia sitaki kifutwe. Nataka kiongezwe ukurasa. Akasema atalipeleka kwenye kikao.

Mimi sisubiri kikao. Nilisubiri maisha yako yote. Ninauandika ukurasa huo hapa, kwa mwandiko uliousifia pale darajani, na Jumapili ijayo nitasimama kwenye kile kiti kilichobaki kitupu mara tatu na kuusoma kabla ya mnada, mbele ya Glori na kope zake, mbele ya mama yako, wapende wasipende. Nitakuwa nimepaka ile bluu. Safari hii mtu akitaka kujua ni nani aliyepaka, asihangaike kutafuta kwenye mikono ya majoho.

Sikuombi msamaha, dada. Ulikuwa nao ukiwa hai, na mimi nilikuwa najua njia ya Mnazi. Pumzika kwenye baridi uliyoitaka. Muhtasari ni huu:

Joho namba kumi na nne, Jumapili ile, lilivaliwa na katibu wa kwaya. Doa la mkono wa kulia ni la katibu wa kwaya. Damari hakupaka rangi siku hiyo. Damari hakukiri. Aliulizwa, akamtazama mwenzake, akangoja. Kengele yake haijapigwa.

Umeandikwa na mimi,
mdogo wako, katibu.